Mhadhara juu ya Maua ya Matunguu na Viazi katika Pwani ya Tanga



Nilipopewa heshima ya kusema mbele yenu niliachiwa uchaguzi wa mlango wowote katika elimu ya bustani, na nadhani baadhi ya waalikaji wangu walitarajia kwamba nitasema juu ya asumini, au mlangilangi, au mkadi, au rehani, mimea ambayo kikuba hakitimii bila ya mmojawapo, na ambayo kila bibi wa pwani huijua kuliko mhadhiri yeyote. Kwa sababu hiyo hasa nimeiepuka. Ni haya kwa mtu kusimama mbele ya mafundi akawafundisha ufundi wao.

Madhumuni yangu ni kusema juu ya maua yanayoota kwa matunguu na viazi, ambayo wengi wetu huyadhani kuwa ni starehe ya nchi za baridi, na kuonyesha kwamba mengi katika hayo yana makao hapa hapa petu, na kwamba yale yanayokufa mikononi mwetu hufa aghalabu kwa kupendwa mno. Kumwagilia kila mtu anakujua. Kuacha kumwagilia, kwa wakati wake na kwa muda wake, ni maarifa adimu, na ndiyo nitakayoyazungumza usiku huu, ijapokuwa kwa kuzunguka kidogo.

1. Tunguu lina akiba yake, na lina wakati wake wa kulala

Mtu akikata kitunguu maji katikati, kutoka juu hata chini, ataona tabaka juu ya tabaka, na chini kabisa kitako kigumu kinachotoa mizizi. Tabaka zile ni majani yaliyonenepa kwa chakula, na katikati yake limo chipukizi. Tena katika matunguu mengi ya maua, amarilisi mathalan, ua lenyewe huwa limekwisha kuumbwa humo ndani, dogo mno, likingojea wakati wake wa kutoka. Hilo ndilo tunguu halisi. Gladiola, ambayo watu huiweka katika hesabu hiyo hiyo, haina tabaka bali ni shina fupi lililovimba. Dalia ina mizizi minene iliyofungana chini ya shina. Kana ina shina litambaalo chini ya udongo kwa namna ile ile ya tangawizi na manjano. Maumbile yao ni mbalimbali, walakini hikima yao ni moja: mmea umeweka chakula na maji mahali ambapo jua haliunguzi wala mbuzi hafiki, kama nahodha apakiavyo masurufu chomboni kabla ya kung'oa nanga, kwa kuwa unajua kwamba mbele yake iko miezi isiyokuwa na kitu.

Miezi hiyo ikifika, mmea hulala. Majani hugeuka manjano, hulegea, hukauka, na mwenye bustani asiyejua hushtuka akaleta ndoo. Hapo ndipo msiba huanza, maana tunguu lililolala halina majani ya kuyavuta maji kwenda juu, na mizizi yake imekwisha kufa au imepunguza kazi, hata maji yote linayomiminiwa hubaki palepale yakalizunguka, udongo ukakosa hewa, ukungu ukapata njia, na kitako kikaoza kwanza. Mtu hufukua akakuta uji unaonuka, naye husema kwamba ardhi ya Tanga haifai kwa maua hayo. Ardhi haina kosa. Lau angaliweka ndoo yake chini akenda kucheza bao, angalipata ua.

2. Kalenda ya tunguu ni mvua

Vitabu vingi vya bustani vilivyotufikia viliandikwa na watu wa Uingereza na Uholanzi kwa ajili ya watu wa huko, navyo humwamuru msomaji apande kabla ya barafu na kufukua baada ya baridi. Maneno hayo kwao ni haki. Kwetu hayana maana. Pwani ya Tanga, kuanzia Pangani hata Moa, ina masika kati ya Machi na Mei, ina vuli kati ya Oktoba na Desemba, ina kiangazi kikali cha Januari na Februari wakati Kaskazi inavuma, na ina miezi ya Kusi baada ya masika ambapo hewa hupoa na mvua hupungua bila ya kukatika kabisa. Jambo linaloamsha tunguu letu ni mvua, na jambo linalolilaza ni ukavu. Joto halipandi wala kushuka kwa kiasi cha kuliambia lolote.

Wazee wa mwambao walikuwa na hesabu iliyofaa sana kwa kazi hii, nayo ni hesabu ya Nairuzi. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, una siku 354 au 355, na kwa hiyo Ramadhani huzunguka katika majira yote. Mtu hawezi kusema kwamba atapanda mbegu katika Rajabu kila mwaka, kwa kuwa Rajabu ya leo ni ya mvua na Rajabu ya miaka kadhaa ijayo ni ya jua. Kwa ajili ya kulima na kusafiri baharini watu wa pwani walishika mwaka wa jua wenye siku 365, wakauanza kwa Siku ya Mwaka, ambayo huko Makunduchi, Unguja, husherehekewa hata sasa katika mwezi wa Julai, kisha wakaugawa kwa makumi, kila kumi la siku likaitwa mwongo. Miongo 36 na siku tano za ziada, mwaka umetimia. Mkulima aliulizwa ni mwongo wa ngapi, naye alijibu, na jibu lake lilitosha kumwambia jirani kama ni wakati wa kufyeka au wa kutia mbegu. Tena walitazama nyota za Kilimia mbinguni ili kusahihisha hesabu.

Siwaombeni mrudi katika miongo kwa kila jambo, ijapokuwa naona mzee mmoja hapa mbele angependa nifanye hivyo. Nawaombeni daftari. Andikeni siku mvua ilipoanza, siku jani la kwanza lilipotokeza, siku ua lilipofunguka, na siku majani yalipoanza manjano. Kwa desturi, matunguu na viazi vinavyolala kiangazi hufukiwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, udongo ungali mkavu, ili mvua ya kwanza ivikute ndani. Na baada ya maua, majani yanapoanza kugeuka, maji hupunguzwa, kisha hukatwa kabisa. Aliyepanda katika chungu ana wepesi mkubwa: alaze chungu ubavu chini ya upenu wa baraza, akiache humo miezi miwili au mitatu, wala asione huruma.

3. Maji na yapite

Udongo wetu una ihtilafu kubwa katika masafa madogo. Karibu na bahari ni mchanga na matumbawe, maji hupita upesi na chokaa ni nyingi. Ukipanda kuelekea Muheza ni udongo mwekundu. Na mabondeni ni mfinyanzi mweusi unaoshika maji hata mguu ukazama. Kipimo cha kujua kama mahali panafaa hakihitaji chombo chochote cha maabara: chimba shimo la kina cha dhiraa moja, lijaze maji jioni, na asubuhi ukitazama ukakuta maji yangali yamesimama, basi hapo usipande tunguu mpaka uinue tuta la shubiri moja au zaidi. Tuta hilo lichanganywe na mchanga mnene wa mtoni, kama ule wa Sigi, wala usiwe wa ufukoni kwa sababu ya chumvi, pamoja na samadi iliyooza hata haina harufu tena. Samadi mbichi ikiligusa tunguu huliunguza.

Kuhusu kina, kanuni iliyozoeleka ni kufukia tunguu kwa kina cha mara mbili au tatu ya urefu wake, lakini amarilisi hupandwa shingo na mabega yakiwa nje ya udongo, vinginevyo masika huliozesha. Na kila tunguu liwekwe kitako chini. Mnacheka, walakini yako matunguu ambayo juu na chini yake hazitambulikani kwa urahisi, na mtu asiyekuwa na yakini heri alilaze ubavu. Chipukizi litajua njia.

4. Tunayo yetu, na ndiyo bora

Sasa nifike katika jambo ambalo kwa kweli ndilo lililonileta. Tunanunua kwa fedha nyingi matunguu yaliyosafiri kwa ndege, ilhali vichaka vya Amboni, vya Mkinga na vya miguuni mwa Usambara vina johari ambazo mataifa mengine yamezitukuza.

La kwanza ni mkalamu, ambao wataalamu huuita Gloriosa superba. Ni mmea unaoparamia, na ajabu yake ni kwamba hauna vikonyo maalumu vya kushikia; ncha ya kila jani hujirefusha na kujikunja, ikashika ukuti, ua wa miti au jani la jirani. Ua lake huinama, na petali zake hugeuka kwenda juu, kingo zikiwa za mawimbi, rangi ikianzia manjano na kuishia wekundu wa moto. Zimbabwe imelifanya ua la taifa, na jimbo la Tamil Nadu huko India limelifanya ua lake. Sisi tunalipita tukienda kutafuta kuni.

Kiazi cha mkalamu kina umbo la vidole viwili vilivyoungana pembeni, na hapa nawaombeni masikio yenu, kwa sababu wengi huharibu mambo hapa: kila kidole kina jicho moja tu, nalo liko katika ncha. Ncha ikivunjika, kidole kile, hata kiwe kinene namna gani, hakitachipua kamwe. Kwa hiyo kishikwe kwa mikono miwili, kilazwe ubavu katika mfereji wa kina cha vidole vinne, ncha ikielekezwa penye mti wa kuparamia, na kifukiwe taratibu. Kila mwaka kiazi cha zamani hunywea, na kipya huumbwa mahali pake. Basi mtu akifukua wakati mmea ungali kijani, huua vyote viwili, kilichokwisha na ambacho hakijatimia.

Tena mkalamu una sumu. Mmea mzima una kolkisini, na zaidi katika kiazi, nayo ni dawa ya jongo ikipimwa na daktari kwa kiasi kidogo mno, na ni mauti ikiliwa kwa kiasi cha chakula. Huko India na Sri Lanka watu wamekufa kwa kula kiazi hicho wakidhani ni kiazi kitamu au kiazi kikuu. Haina dawa ya kuiondoa mwilini. Basi msiupande karibu na tuta la viazi vya kula, msihifadhi viazi vyake jikoni, na anayevishika anawe mikono. Mwenye watoto wadogo au mbuzi wasiofungwa asubiri mpaka watoto wakue. Kwa mbuzi sina ushauri.

La pili ni lile ua jekundu la duara, Scadoxus multiflorus, litokezalo mvua zinapoanza, mara nyingi kabla ya majani yake kukunjuka, likiwa ni mkusanyiko wa maua membamba hata 200 juu ya bua moja. Halipendi jua la mchana kutwa; chini ya mwembe au mkorosho ndipo mahali pake. Wala halipendi kuhamishwahamishwa, na likisha kukaa mahali miaka kadhaa huzaa vitoto pembeni, ndipo hugawanywa, katika kiangazi. Nalo pia ni sumu, na katika nchi kadhaa za Afrika wavuvi wamelitumia kulevya samaki.

Nitapita upesi kwa yungiyungi, kwa kuwa kila mtu analijua. Ila si kila mtu anajua kwamba bwawa likikauka, kiazi chake hubaki hai katika tope lililopasuka mpaka maji yarudi. Crinum nao, wenye matunguu mazito na maua meupe yenye milia ya waridi, nautaja kwa sababu ya mbegu zake, ambazo ni kubwa, zina maji, na huchipua juu ya meza bila ya udongo wala tone la maji. Jamaa yake mmoja wa pwani za Asia mbegu zake huelea baharini na kuota mbali na zilikotoka.

Lakini mfano unaoniuma zaidi ni Zamioculcas. Huu ni mmea wa mwambao wetu, kutoka Kenya kupita kwetu na Unguja hata Afrika Kusini, wenye majani mazito yanayong'aa na kiazi chini ya udongo kinachohifadhi maji. Ua lake ni dogo, limejificha chini karibu na udongo, na pengine hamkuwahi kuliona. Wataalamu wa Uingereza waliuandika mapema, mwaka 1829, na haukumshughulisha mtu mpaka mwaka 1996, wenye vitalu wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi. Na leo umo katika ofisi na hoteli za dunia nzima, hata Dar es Salaam, ambako hununuliwa dukani kama mgeni wa heshima. Kuuzalisha hakuhitaji ila saburi: jani dogo moja huchomekwa katika mchanga wenye unyevu mchache, na baada ya miezi kadhaa kitako chake huvimba kikawa kiazi.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa nchi hizi, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota ua dogo la zambarau katika miamba ya karibu na Tanga na katika milima ya Usambara, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, na hivi leo hakuna nchi ya baridi ambayo halimo madirishani. Halina tunguu, najua, na bwana shamba mmoja amekwisha kunitazama kwa jicho la kunikosoa; nimelitaja kwa sababu ya njia liliyopita.

5. Wageni, na namna ya kuwapokea

Sikatazi wageni. Mmea wa mkonge ulioijenga Tanga ulikuja hivyo: mwaka 1893 Daktari Richard Hindorf aliagiza vitoto 1,000 vya mkonge kutoka Florida, na vilipofika Tanga vilivyokuwa hai ni 62 tu, na kutokana na hivyo yakaenea mashamba mnayoyajua. Wala msishangae nikiwaambia kwamba ua la tuberosi, lenye asili ya Mexico, jeupe, linalotoa harufu nzito usiku, ambalo Wahindi hufanyia mashada ya arusi, ni la nasaba moja na mkonge. Hata tabia wamerithishana: kama mkonge utoavyo mlingoti mara moja ukafa, kadhalika kila tunguu la tuberosi huchanua mara moja tu, na baada yake vitoto vyake ndivyo hutunzwa. Likipewa jua tele na tuta lisilotuama maji, hustawi pwani.

Wageni wengine waliokwisha kuwa wenyeji ni Hymenocallis, lenye vidole virefu vyeupe, linalostahimili chumvi hata karibu na ufuko, na yale maua madogo ya Zephyranthes, meupe na ya waridi, yanayozuka siku chache baada ya mvua kubwa kunyesha juu ya ardhi kavu. Mwenye kuanza na aanze na haya. Dalia na gladiola nawaachia ndugu zetu wa Lushoto, ingawa gladiola moja, Gladiolus dalenii, ni ya milima yetu wenyewe, nayo ni miongoni mwa wazazi wa zile zinazouzwa katika maduka ya Ulaya.

Ama tulipu, naulizwa kila mara. Ni ua la fahari. Waturuki walilipenda hata wanahistoria wakauita wakati wa Sultani Ahmed wa Tatu, tangu 1718 hata 1730, Zama za Tulipu. Na Waholanzi walinunuliana matunguu yake kwa bei za majumba mpaka soko lilipoanguka mwaka 1637. Lakini tulipu lataka baridi ya wiki 12 au zaidi kabla ya kuchanua. Anayetaka ataliweka katika friji muda huo wote, mbali na ndizi mbivu, maana hewa itokayo katika matunda yanayoiva huua ua likiwa bado tumboni mwa tunguu. Kisha atalipanda, ataliona mara moja, na mwaka wa pili hataliona tena. Ni anasa, na mwenye nacho hakatazwi.

Sharti moja kwa wageni wote: msitupe mabaki yao msituni. Chuo cha utafiti kilichoanzishwa Amani mwaka 1902 kilileta mimea mingi kutoka pande zote za dunia, na baadhi, kama mti wa Maesopsis, ilitoroka bustanini na kuingia katika msitu ambao tangu 1997 ni hifadhi. Kadhalika msifukue ya msituni kuyaleta mjini. Chukueni mbegu.

6. Majani yasikatwe, na adui wajulikane

Baada ya ua kunyauka, kateni bua lake, yaacheni majani. Usafi wa bustani huwashawishi wengi kuyakata au kuyafunga mafundo, ilhali majani hayo ndiyo yanayopika chakula cha mwaka ujao, na ua linalokosekana mwakani limepotea kwa mkasi wa mwaka huu. Kwa adui, konokono wetu mkubwa aokotwe usiku kwa taa. Kiwavi cheusi chenye mikanda myeupe na manjano, kinachotoboa jani la Crinum kutoka ndani na kushuka hata tunguuni, kitafutwe mapema na kuondolewa kwa mkono. Na nungunungu hufukua matunguu hata yale ambayo mtu akiyala hafiki hospitali. Kwake hakuna dawa ila wavu wa waya uliofukiwa.

Bwana Mwenyekiti, naomba mambo mawili yatokane na mkutano huu. La kwanza ni kitalu kimoja, hata kiwe nyuma ya shule moja tu hapa mjini, cha mkalamu, Scadoxus na Zamioculcas, vilivyooteshwa kwa mbegu na kwa majani, ambacho wanafunzi watakitunza na kukiandikia daftari, na ambacho baada ya miaka mitatu au minne, kwa kuwa mkalamu wa mbegu haufanyi haraka, kitakuwa na vya kuuza. La pili ni mkutano wa Novemba, vuli ikisha kushika, ambao kila aliyepo hapa ataujia na tarehe zake za mvua na za maua, tuzilinganishe za Pangani na za Muheza na za Mkinga, na mzee wetu wa mbele atusomee miongo yake pembeni mwa tarehe zetu. Matunguu ya kubadilishana yaletwe makavu, yakiwa na majina, yasifungwe katika mifuko ya plastiki.

Maswali nayapokea sasa, na nitaanza na yule bwana wa mstari wa nyuma, ambaye tangu nilipotaja nungunungu hajashusha mkono.